Mutu Mugumu wa Namna Gani

Mulekera, Beni, tarehe 6 Mei 2024

Mutoto wangu Rébecca,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Niko muzima. Ni sikio la kushoto tu lenye limekufa kabisa, njo maana nakuandikia na sikupigii simu. Tena kitu nataka kukuuliza hakisikiwi kwa simu, kinaonwa kwa macho.

Jumapili, kisha ibada, pasta aliniita pembeni akanipa bahasha. Alisema mutu mumoja alitoka nayo Kampala, na huyo naye alipewa na musafiri wa kutoka Canada. Juu kumeandikwa jina langu na jina la kanisa, basi. Ndani kuna barua ya Kingereza. Nimeigeuza juu na chini siku mbili. Nilijua majina mawili tu: Shalom, na Bénite.

Rébecca, ni miaka kumi na ine sijaona hilo jina la pili likiandikwa kwa mukono wa mutu. Mimi mwenyewe nililifuta kwa orodha ya familia kanisani, unajua.

Nimenakili barua yote kwa karatasi hii, herufi moja moja, sawa vile mutu anapanda maharagi. Yenyewe nimeibakisha. Kitsa mwenye anakuletea hii ni dereva muzuri, mais barabara ni barabara. Wewe unafundisha Kingereza, iweke kwa luga yetu, unirudishie kwa Kitsa. Usiongeze kitu, usipunguze kitu.

Baba yako,
Ananie Mathe

&nbsp;

Vulamba, Butembo, tarehe 9 Mei 2024

Baba,

Jambo. Kitsa alinikuta kwenye portail ya masomo. Nimetafsiri nikiwa nimekaa nyuma ya classe, wanafunzi wakifanya zoezi. Walifikiri niko nasahihisha kazi zao. Barua inasema hivi:

«Babu, jina langu ni Shalom. Niko na miaka kumi na tatu. Mama yangu ni Bénite, mutoto wako. Mwalimu wetu alituambia kila mutu aandike barua ya karatasi kwa mutu wa jamaa mwenye hajawahi kumuona. Nilimuuliza mama wewe ni mutu wa namna gani. Akasema ulikuwa hard. Nikauliza hard namna gani, akaenda kuosha vyombo vyenye vilikuwa vimekwisha kuoshwa. Mwalimu anasema hard ni neno la uvivu, kuna mengine yenye kusema vizuri zaidi: strict, stern, harsh, mean, cruel. Wewe unajijua. Ni lipi? Tafazali usikasirike. Mama anajua niko nakuandikia, ni yeye alinipa jina la kanisa. Chini kuna adresse yangu ya e-mail, kama karatasi inachelewa.»

Ni hayo tu. Sikuongeza, sikupunguza. Hard nimeliacha vile liko. Sisi tungesema mugumu, ao mukali.

Mama alikufa bila kujua kama Bénite anapumua. Sasa mimi na wewe tunajua. Sijui nifanye nini na hiyo habari. Nimeikunja nimeiweka ndani ya Biblia, nimeitoa, nimeirudisha.

Utamujibu?

Rébecca Kanyere

&nbsp;

Mulekera, tarehe 13 Mei 2024

Mutoto wangu Rébecca,

Wasingya, asante. Niliisoma shambani, kati ya kakao, juu sikutaka jirani aone uso wangu.

Nitamujibu. Mutoto ameuliza kwa adabu, na swali lake ni moja. Mais yale maneno matano siyajui tofauti yake. Pasta ana kamusi ya Kingereza na Kifaransa. Nilienda kwake, nikakuta yote matano yanatumwa karibu kwa neno moja, «dur», njo kusema mugumu. Hivi batu ba Kingereza walihitaji maneno matano ya nini?

Nifundishe sawa vile unafundisha batoto bako. Mimi nitakuwa mwanafunzi wako, hata kama nina miaka sitini na nane. Nafikiri langu ni strict. Pasta anasema ni mutu wa sheria. Mimi nilikuwa muzee wa kanisa miaka ishirini na mbili, sheria njo ilikuwa kazi yangu. Kama ni hivyo, niambie tu, niandike, tumalize.

Baba yako,
Ananie

&nbsp;

Vulamba, tarehe 20 Mei 2024

Baba,

Nitakuambia kama ninavyoambia wanafunzi wa mwaka wa tano.

Strict ni préfet wetu, mukubwa wa masomo hapa. Saa moja na nusu anafunga portail. Mwenye amechelewa anabaki inje, na mwaka uliopita mutoto wake mwenyewe alibaki inje na mvua ikinyesha. Sheria yake inauma, mais inauma batu bote sawasawa. Stern ni mambo ya uso. Mutu wa stern hacheki, lakini mukono wake unaweza kukupa chakula. Mean ni ubaya mudogo mudogo: jirani ana chumvi, anakuambia imeisha, juu anapenda kukuona unarudi mikono mitupu. Hilo haliko lako. Tangu utoto sijaona mutu akitoka kwako mikono mitupu.

Harsh ni kama kamba ya katani, inachuna mikono. Ni maneno ao azabu yenye imepita kipimo. Mara mingi hasira njo inaileta, na hasira ikipita mutu anaona amezidisha.

Cruel ni mutu mwenye anajua kitu fulani kitaumiza, anaangalia, na anaendelea.

Sasa kuhusu strict. Baba, kabla niwe mwalimu nilikuwa mutoto ndani ya ile nyumba. Kaka Lévi alimupa mimba binti wa watu mwaka wa 2008. Nilikuwa na miaka kumi. Ulimukaripia wiki moja, kisha alirudi kwa meza, mama akamupakulia nyama. Kisha miaka miwili ikapita, ikawa zamu ya Bénite. Portail yako ilifungwa kwa mumoja na mwengine ilikuwa wazi. Hiyo haiitwi strict. Mwanafunzi akiandika hivyo kwa mutihani, nakata pointi.

Nisamehe kama nimesema vibaya. Uliniomba nifundishe.

Rébecca

&nbsp;

Mulekera, tarehe 27 Mei 2024

Rébecca,

Hukusema vibaya. Nilikasirika siku moja, nikaenda kukata nyasi mpaka mikono ikakataa. Jioni nikamukumbuka Lévi akikula ile nyama. Strict nimeifuta.

Stern nimeiacha mimi mwenyewe. Haifai kumuandikia mutoto habari ya uso wangu, juu uso wangu haukumufanyia mama yake kitu.

Nafikiri ni harsh. Ile Jumapili nilikuwa na hasira sawa moto wa kuchoma vichaka. Nilimusimamisha Bénite mbele ya kanisa, nikasema habari yake kwa kinywa changu, sikungoja pasta aseme. Alikuwa na ile kitenge ya rangi ya majani. Tulipofika nyumbani nikaweka vitu vyake kwa barabara. Nilijua nazidisha na sikuweza kusimama. Ni hivyo ulieleza, haiko vile? Kamba ya katani.

Neno lingine. Kutoka Butembo mpaka hapa ni kilometa makumi tano na kitu. Wewe hujafika tangu tulizika mama yako, ni miaka ine. Najua kuna masomo, najua kuna hatari ya njia. Kitanda chako kiko vile uliacha. Sikulaumu. Nilitaka tu ujue kwamba saa zingine naweka sahani mbili.

Baba yako,
Ananie

&nbsp;

Vulamba, tarehe 3 Juni 2024

Baba,

Nitakuambia kitu sijamuambia mutu. Ile Jumapili, valize ya Bénite, ni mimi niliibeba mpaka kwa barabara. Wewe uliniambia, «Kanyere, peleka hii.» Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Ilikuwa nyepesi sana, nikafikiri pengine anaenda siku mbili tu. Yeye aliniangalia akasema, «Rudi ndani, utaloa.» Nikarudi. Mama alikuwa amejifungia chumbani. Wewe ulikuwa umekaa kwa meza na Biblia wazi, na hukuwa unasoma.

Njo maana siji Beni. Masomo ni sababu, hatari ni sababu, mais kila nikifika pale mbele ya nyumba, mikono yangu inakumbuka ile valize.

Kwa hiyo ndiyo, harsh. Ni neno la kweli na linatosha. Mutoto ataelewa, Bénite ataelewa. Andika mistari yako kwa Kiswahili, nitaitia kwa Kingereza nitume siku ile ile. Tafazali usikawie. Miaka kumi na ine nilikuwa nangoja dada bila kujua nangoja. Sasa najua, na kungoja kwa kujua ni kubaya zaidi. Asubuhi naamka nikihesabu kule ni saa ngapi. Napita sokoni naona mwanamuke ana mabega kama yake, namufuata mpaka kwa wauza samaki, kisha naona ni mutu mwengine.

Harsh, Baba. Tumalize.

Rébecca

&nbsp;

Mulekera, tarehe 1 Julai 2024

Rébecca,

Mwezi muzima sikukujibu. Nilimuambia Kitsa akuambie ni malaria. Haikuwa malaria.

Niliandika harsh. Niliandika barua yote ya mutoto, mistari kumi na moja, nikaifunga. Kitsa alikuja kuichukua mara tatu na mara tatu nilimurudisha. Shida ni vile wewe unafundisha vizuri. Ulisema harsh ni hasira, na hasira ikipita mutu anaona amezidisha.

Yangu ilipita, Rébecca. Jumatatu asubuhi ilikuwa imepita. Nililala, nikaamka, nikaomba, nikakunywa chai. Moyo ulikuwa umetulia sawa maji ndani ya mutungi. Bénite alikuwa amelala kwa jirani, na nilisikia kwamba anataka kupanda gari kwenda Musienene, kwa shangazi yenu Vagheni. Ndipo nilikaa kwa meza, nikachukua karatasi. Niliandika: «Dada yangu, Bénite asipokelewe. Mwenye atamupokea haiko wa nyumba yangu tena.» Niliisoma mara mbili. Nilisahihisha neno moja lenye nilikuwa nimeandika vibaya. Nikaita mutu wa moto, wa pikipiki, nikamuambia aende mbio, afike kabla ya gari.

Mama yako hakujua mpaka alikufa. Aliniuliza mara mingi, «Kwani Vagheni hakumuona?» Nikasema, «Hakumuona.»

Sasa niambie wewe mwalimu. Mutu mwenye alisahihisha neno ndani ya karatasi kama ile, anaitwa nani kwa Kingereza? Mimi nafikiri najua. Mais nilitaka ulione kabla ya yule mutoto, juu wewe pia nilikudanganya.

Ananie Mathe

&nbsp;

Vulamba, tarehe 20 Julai 2024

Baba,

Nilichana barua yako. Kisha nikaokota vipande, nikaviunganisha na scotch, juu sikuwa na hakika kama nilisoma vizuri.

Alhamisi nilienda Musienene. Ilikuwa siku ya soko. Shangazi Vagheni nilimukuta na viazi vyake, amezeeka, mugongo umepinda. Sikumusalimia vizuri. Nilisema tu, «Shangazi, Bénite alifika hapa ao hakufika?» Aliacha kupima viazi. Muteja akangoja, akachoka, akaenda.

Akasema, «Alifika. Karatasi ya baba yako ilikuwa imetangulia saa moja.» Aliniambia Bénite alisimama mlangoni na valize kichwani, akacheka kwa furaha ya kufika. Shangazi alimusomea karatasi. Anasema Bénite aliiomba, akaisoma mwenyewe, akamurudishia kwa mikono miwili, kama vile unamurudishia mutu mukubwa kitu chake. «Nilimupa viazi vya kuchoma, lakini sikumupa mulango,» shangazi akasema. «Nilikuwa mujane, nilikuwa naogopa kaka yangu.» Bénite alilala siku tatu kwa muuza maharagi mumoja, mwanamuke mwenye hata hakuwa jamaa. Alhamisi malori ya viazi yalipakiwa kwenda Kasindi, akapanda juu ya magunia. Kutoka pale ni Uganda.

Nililia sokoni mbele ya watu, na watu wakafikiri nimefiwa.

Neno lako ni cruel. Umelijua kabla yangu. Nilitaka kulikataa juu ni neno baya sana kumuita nalo baba, na kwa kuliogopa hilo neno nililinda harsh mwezi muzima. Lakini haiko lingine.

Kuna kitu kingine. Nilipoondoka, shangazi alinishika mukono. Akasema, «Baba yako alikuja. Ile ile Alhamisi. Alikuja na vumbi mpaka kwa nyusi, akaniuliza, mutoto wangu yuko wapi. Nikamuonyesha barabara. Alikaa chini pale pale kwa soko mpaka batu bote walienda, na mimi sikujua kama nimwite ndani ao nimuache.»

Kwa nini hukuniambia hiyo?

Rébecca

&nbsp;

Mulekera, tarehe 24 Julai 2024

Rébecca,

Juu ile haiko jibu la swali la mutoto. Ameuliza nilikuwa mutu wa namna gani kwa mama yake. Kwa mama yake nilikuwa mulango wenye ulifungwa. Vile nilikaa sokoni, yeye hakuviona, havikumukinga na baridi. Mwenye amechelewa asijisifie mbio zake. Usiandike kwamba nilikuja.

Hii hapa njo barua. Nyingine nimeichoma.

«Shalom, mujukuu wangu. Sikukasirika. Asante kwa kuniuliza. Batu bakubwa hapa hawakuniuliza hata siku moja. Maneno yako matano nimeyajifunza na shangazi yako Rébecca, ni yeye anaandika hii kwa Kingereza. Strict haiko langu, juu sikufanya sawa kwa batoto bangu bote. Harsh lilikuwa langu siku moja, Jumapili. Kuanzia Jumatatu neno langu ni cruel. Nilijua kile nafanya kitamuumiza mama yako, na nilikifanya na moyo umetulia, na wewe ulikuwa ndani ya tumbo lake. Hakuwa na kosa la kustahili hiyo. Kama ulifikiri mama yako alikimbia nyumbani, hakukimbia, alifukuzwa mara mbili, na mara zote mbili ni mimi. Mama yako alikuwa akiimba vizuri sana sauti ya pili. Hilo nilitaka ulijue pia. Mimi babu yako, Ananie Mathe.»

Usiongeze, usipunguze. Hata usiweke neno la kuomba musamaha. Nikiliweka, mutoto atafikiri yeye anapaswa kunijibu.

Ananie

&nbsp;

Vulamba, tarehe 29 Julai 2024

Baba,

Nimetuma jana. Nilikaa na hiyo kazi kutoka asubuhi mpaka wali ukaungua. Cruel ni neno fupi, mais kidole kilikataa kuliandika. Nilitafuta yenye kuwa mepesi zaidi: niliandika unkind, nikafuta, kisha severe, nikafuta. Mwisho nikaliandika.

Barua yako iko vile uliitoa. Sikuongeza, sikupunguza. Lakini chini ya jina lako niliacha nafasi, nikaweka jina langu, na mistari miwili yangu kwa Kiswahili, kwa Bénite: «Dada, ile Alhamisi Baba alifika Musienene kukutafuta. Hakutaka niseme. Mimi niko Kanyere mwenye alibeba valize.» Na namba za simu, yako na yangu.

Hayo haiko ya barua yako, ni ya barua yangu. Wewe umejibu mutoto. Mimi namujibu dada yangu, na kwa hiyo siombi ruhusa.

Masomo yamefungwa. Kitsa anasema njia ni nzuri wiki hii. Nitakuja Jumamosi, kama bado unaweka sahani mbili.

Rébecca

&nbsp;

Mulekera, tarehe 2 Septemba 2024

Mutoto wangu Rébecca,

Tangu urudi Butembo nyumba imekuwa kubwa tena. Nimepika ile sombe ya majani ya mihogo vile ulinionyesha. Chumvi ilikuwa mingi.

Nakuandikia mara moja juu najua ukipata habari kwa Kitsa kabla yangu utakasirika. Jana Jumapili, kisha ibada, simu ililia na namba ndefu yenye sikuijua. Niliiweka kwa sikio la kuume. Sauti ya mwanamuke ikasema, «Baba.» Nikafikiri ni wewe. Nikasema, «Kanyere?» Akasema, «Hapana. Ni mwenye alimutangulia.»

Nilikuwa nimesimama kwa njia ya kanisa, batu wakipita. Nilikaa chini kwa mawe.

Alisema, «Shalom ananiuliza kama lile neno ni la kweli.»

Nikasema, «Na wewe ulimujibu nini?»

«Nilimuambia ndiyo.»

«Ulimujibu vizuri,» nikasema.

Alisema alingoja miaka mingi mutu wa nyumba yetu aliseme, na alikuwa anafikiri akilisikia atafurahi. Hakufurahi. Alioka mukate, akausahau ndani ya moto. Anafanya kazi ya kutunza wazee, alisema. Wengine baba zao hawawatembelei, sijui kama alisema baba ao batoto, sikio langu lilishindwa na niliogopa kumuomba arudie. Habari ya kifo cha mama ilikuwa imemufikia, aliuliza kaburi lake liko wapi. Nilimueleza, upande wa muti wa avoka, karibu na ukuta. Akaniuliza kama kuna musalaba wa mbao ao wa simenti. Nikasema simenti. Akasema vizuri.

Sikumuomba kitu. Nilitaka, Rébecca. Maneno yalikuwa yamejaa kinywani. Mais nilifikiri, yeye njo amepiga, yeye njo aseme.

  Kisha akasema polepole, sasa kwa Kinande, luga ya nyumbani yenye sikufikiri bado anayo, «Tata, ile Alhamisi ulifika Musienene saa ngapi?»

Nikasema, «Saa nane ya mchana.»

Nilimusikia anapumua.

«Lori letu,» akasema, «liliondoka saa tano ya asubuhi.»

  Hakukata simu, na mimi sikukata, tulikaa vile, yeye kule na mimi kwa mawe, mpaka réseau ya simu yenyewe ikatuachanisha.

Baba yako,
Ananie